Ufa na Mwanya: Historia ya Magari ya Nyuzi za Kioo na Uaminifu wa Fundi

UTANGULIZI

Watu wengi wasikiapo neno utamaduni hufikiria ngoma, mavazi, mapishi na mashairi. Si makosa kufikiri hivyo, ila ni kufikiri nusu. Kazi ya mikono ya mafundi nayo ni utamaduni, tena ni sehemu ya utamaduni ipoteayo upesi kuliko nyingine zote, kwa kuwa mafundi wengi hawaandiki, na waandishi wengi hawashiki patasi. Taifa lisilojua kutengeneza kilichoharibika hulazimika kununua kipya kila mara, na anunuaye kila mara hana budi kumsikiliza muuzaji.

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya ufundi mmoja uliozaliwa ugenini, nao ni ufundi wa kutengeneza na kupanga vipande vya bodi vya magari ya zamani ya michezo yaliyoundwa kwa nyuzi za kioo, ambazo mafundi wetu huziita faiba. Msomaji aweza kuuliza: sisi na magari hayo tuna nini? Kwa kweli ni wachache mno miongoni mwetu watakaoyaendesha. Lakini mafundi wa magari hayo wamebishana kwa muda wa nusu karne juu ya swali ambalo nasi linatugusa kila tunapotengeneza nyumba ya kale, tunaponakili hati ya utenzi, au tunapofufua chombo cha bahari. Swali lenyewe ni hili: mtu akikabidhiwa kitu cha kale kilichovunjika, akirudishe kama kilivyokuwa pamoja na kasoro zake, au akifanye kizuri kuliko kilivyozaliwa?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tuielewe kwanza mali yenyewe na kazi yake.

ASILI YA NYUZI ZA KIOO

Kioo ni kitu kigumu, lakini huvunjika kwa pigo dogo. Hata hivyo kioo hicho hicho kikiyeyushwa na kuvutwa hata kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, hupata tabia nyingine kabisa: hupindika, hufumika, na hustahimili kuvutwa kwa nguvu nyingi. Mwaka 1932 mtafiti kijana aitwaye Dale Kleist, katika kampuni ya Owens-Illinois nchini Marekani, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Hewa iliyosukumwa kwa nguvu ikaupiga mkondo wa kioo kilichoyeyuka, nacho kikatawanyika kuwa nyuzi. Games Slayter, aliyekuwa mkuu wake katika utafiti, akatambua thamani ya jambo hilo lililotokea bila kukusudiwa. Mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning Fiberglas ili kuzitengeneza na kuziuza nyuzi hizo.

Nyuzi peke yake ni kitambaa tu. Ili ziwe ukuta au bodi huhitaji kitu cha kuzishika, na kitu hicho ni rezini, yaani utomvu utengenezwao kiwandani, ambao ukichanganywa na dawa ya kugandishia hubadilika kutoka umajimaji ukawa mgumu. Rezini iliyotumika zaidi katika magari ya mwanzo ni ile iitwayo polista. Mtu aliyejenga nyumba ya fito na udongo hahitaji maelezo marefu juu ya ushirika huu. Fito huuzuia udongo usipasuke, na udongo huzizuia fito zisiyumbe. Kimoja bila chenziwe hakisimamishi nyumba. Nyuzi za kioo ndizo fito, na rezini ndiyo udongo.

Vita Kuu ya Pili, iliyopiganwa tangu 1939 hadi 1945, iliikuza mali hiyo kwa sababu ya pekee. Ndege za kivita zilihitaji vifuniko vya kukinga mitambo ya rada, na chuma hakifai kwa kazi hiyo kwa kuwa huyazuia mawimbi ya redio. Nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini huyaacha yapite. Vita ilipokwisha, ujuzi ulikuwepo, viwanda vilikuwepo, na waunda boti ndio waliokuwa wepesi kuupokea. Boti ya faiba haiozi, hailiwi na wadudu wa majini, wala haihitaji kukalafatiwa kila msimu.

GARI LILILOTOKA KATIKA KARAKANA YA BOTI

Ni muhimu kukumbuka kwamba gari la faiba lilizaliwa mikononi mwa waunda boti. Huko California alikuwepo Bill Tritt, mwenye karakana ya boti iliyoitwa Glasspar. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliunda bodi ya gari la michezo kwa kutumia kalibu na mikeka ya nyuzi za kioo, kwa njia ile ile aliyotumia kuundia boti. Mwezi Februari 1952 gazeti la Life lilichapisha habari za magari ya namna hiyo, na wakubwa wa viwanda vya magari wakaanza kuangalia upande huo.

Tarehe 17 Januari 1953, katika maonyesho yaliyofanyika kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, kampuni ya General Motors ilionyesha gari dogo jeupe la wazi liitwalo Chevrolet Corvette, lililobuniwa chini ya Harley Earl. Bodi yake ilikuwa ya nyuzi za kioo. Watu walilipenda, na kampuni ikaamua kuliunda kwa ajili ya kuuza bila kubadili mali ya bodi. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiuchumi: kalibu za kukandamizia mabati ya chuma ni ghali na huchukua muda mrefu kutengenezwa, ambapo kalibu za faiba ni rahisi zaidi kwa magari machache. Uundaji ulianza tarehe 30 Juni 1953 mjini Flint, Michigan, na mwaka huo yaliundwa magari 300 tu, yote ya rangi nyeupe. Kazi hiyo ikahamishiwa St. Louis, Missouri, na mwaka 1981 ikahamia Bowling Green, Kentucky. Vipande vya bodi vya mwanzo vilitengenezwa na kampuni ya Robert Morrison huko Ashtabula, Ohio.

Upande wa Uingereza, Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alithubutu zaidi. Mwaka 1957, katika maonyesho ya Earls Court mjini London, alionyesha gari liitwalo Elite ambalo halikuwa na fremu ya chuma ya kawaida. Bodi yenyewe ya nyuzi za kioo ndiyo iliyobeba injini, magurudumu na abiria, na vyuma vichache tu vilizikwa ndani yake, kama vile upinde unaozunguka kioo cha mbele. Yaliundwa kiasi cha magari elfu moja. Gari lililofuata, Elan la mwaka 1962, lilirudia uti wa mgongo wa chuma, na bodi ya faiba ikawa vazi lake.

Afrika ya Mashariki nayo iliyashuhudia magari ya namna hii yakifanya kazi. Katika mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1975 nchini Kenya, magari mawili ya Lancia Stratos yalimaliza ya pili na ya tatu, yakiendeshwa na Sandro Munari na Björn Waldegård, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Stratos lilikuwa na kiini cha chuma, lakini sehemu yake ya mbele na ya nyuma ilikuwa ya nyuzi za kioo, kila upande kama gamba moja kubwa lifunguliwalo zima. Faiba basi si mapambo ya kuwekwa sebuleni. Ilipita katika mashimo, mawe na matope yale yale ambayo madereva wetu wanayajua.

TABIA YA MALI HII NA UDANGANYIFU WAKE

Fundi aliyezoea mabati akikutana na faiba mara ya kwanza huona kama amekutana na lugha mpya. Bati likigongwa hubonyea, na kwa nyundo na kibao laweza kurudishwa. Faiba haibonyei. Hupinda kidogo na kurudi, au hupasuka. Bati hula kutu, na kutu huonekana. Faiba haina kutu, lakini huchoka ndani kwa ndani, na uchovu wake huonekana juu ya rangi kama mistari midogo iliyotawanyika mfano wa utando wa buibui.

Aidha, watu husema kwamba gari la faiba haliozi. Hayo ni maneno ya muuzaji. Magari ya Corvette ya tangu 1963 hadi 1982 yalijengwa juu ya fremu ya chuma, na kuizunguka sehemu ya abiria kuna kiunzi kingine cha chuma kilichofichwa chini ya faiba, ambacho mafundi wa Marekani hukifananisha na kizimba cha ndege. Maji yakipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele hutulia humo kwa miaka mingi. Nje gari hung'aa. Ndani chuma kinaliwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa magari haya hana budi kuliweka neno hilo mbele ya kazi yake. Akianza na rangi kabla ya kukichungulia kizimba, atakuwa amelivika maiti kanzu mpya.

Jambo la tatu ni viungo. Bodi ya Corvette ya mwaka 1953 ilikuwa na vipande vipatavyo 46. Vipande hivyo viliwekwa ukingo kwa ukingo, na nyuma ya kila kiungo ukabandikwa ukanda wa faiba kwa gundi. Kisha kiungo kilijazwa, kikasuguliwa na kupakwa rangi mpaka kikafichika. Lakini rezini na gundi huendelea kunywea polepole kwa muda mrefu baada ya kuganda. Hivyo, miaka kadhaa baadaye, jua likimulika ubavuni mwa gari, mstari wa kiungo hujitokeza tena chini ya rangi kama kovu la zamani. Mtu asiyejua hudhani gari lilipata ajali. Ajuaye husema: hapa ndipo kiwanda kilipounga.

KUPANGA KABLA YA KUZIBA

Kosa linalofanywa na wengi ni kutazama mwanya wa mlango na kuanza kuurekebisha pale pale. Mwanya ni dalili, ugonjwa uko mbali. Mlango ukigusa upande wa juu na kuachia upande wa chini, huenda bawaba ni nzima kabisa, ila bodi imelala vibaya juu ya fremu.

Utaratibu wa kazi hii ni kama ifuatavyo. Kwanza hupimwa fremu: kona hadi kona, kwa mshazari, kulia na kushoto, ili ijulikane kama ni mraba au imepinda. Pili hukaguliwa vikalio vya bodi, yaani zile sehemu ambapo bodi hufungwa juu ya fremu kwa boliti na mipira. Baina ya kikalio na fremu kiwanda chenyewe kiliweka vibati vyembamba vya kuinulia, hapa kimoja, pale viwili, pengine hakuna, kwa kadiri fremu ile na bodi ile zilivyokutana. Mtu akizifungua boliti bila kuandika idadi ya vibati kwa kila kikalio, ametupa ramani ya nyumba. Mipira iliyooza huondolewa, mipya huwekwa, na bodi hushushwa ikae bila kulazimishwa. Boliti isitumiwe kuivuta faiba iliyo juu iende chini. Itakwenda, lakini kesho itapasuka.

Tatu, gari lisimame juu ya magurudumu yake likiwa na uzito wake: injini ndani, tangi mahali pake. Bodi iliyopangwa ikiwa tupu juu ya vigogo itabadilika siku itakapobebeshwa mzigo.

Nne ndipo ianzwe milango. Mlango ndio kipimo cha sehemu nyingine, kwa kuwa nyuma yake kuna nguzo isiyohama. Ukingo wa nyuma wa mlango ukishakaa sawa na nguzo hiyo, hufuata ukingo wa chini, kisha ubavu wa mbele, na mwisho boneti. Mpira mpya wa mlango uwepo wakati wa kupanga, kwa sababu mpira mpya ni mnene na huusukuma mlango nje. Aliyepanga bila mpira atapanga mara mbili. Mwanya wa kiasi cha milimita 5, ulio sawa kuanzia juu hadi chini, hulifurahisha jicho. Lakini lazima uachwe mpana kidogo zaidi kabla ya rangi, kwani rangi nayo ina unene, na ukingo una pande mbili.

Na kama baada ya hayo yote ukingo bado ni mfupi? Fundi mvivu hujaza puti. Puti haina nyuzi ndani yake, na ukingo ni mahali pa kugongwa. Siku mlango utakapofungwa kwa hasira, kipande kitaanguka. Fundi wa kweli huukwangua ukingo ule, huubandika faiba mpya kwa rezini, huuacha ugande, kisha huusugua kwa msasa mpaka ufike mahali pake. Ni kazi ya siku badala ya saa moja. Ndiyo tofauti.

KUZIBA UFA

Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika faiba methali hii ina maana mbili. Ufa usiozibwa hutembea, kwa sababu kila gari linapotikisika ncha ya ufa hubeba nguvu yote. Lakini ufa uliozibwa bila kuulizwa ulitoka wapi hurudi. Kwanza hutafutwa sababu: boliti iliyolegea, kikalio kilichooza, au fremu iliyopinda. Sababu ikiondolewa, ufa unaweza kuzibwa mara moja tu katika maisha ya gari.

Rangi ya zamani huondolewa kwa subira. Dawa kali zisizokusudiwa kwa faiba huila rezini, na mchanga unaorushwa kwa hewa kwa pupa huzila nyuzi zenyewe. Wapo mafundi ambao huikwangua rangi kwa wembe, kipande kwa kipande, kwa majuma mengi. Baada ya hapo kingo za ufa husagwa kwa mteremko mrefu. Waunda boti hufuata kanuni ya mteremko wa mara 12 ya unene: bodi yenye unene wa milimita 3 husagwa milimita 36 kila upande. Kwa macho ya mgeni huo ni uharibifu, kwani ufa mwembamba kama uzi umekuwa bonde. Lakini mshikamano hautokani na ufa. Hutokana na upana wa mahali ambapo kipya hukilalia cha zamani.

Mikeka ya nyuzi hukatwa vipande vya ukubwa mbalimbali, huloweshwa rezini, hubandikwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hukandamizwa kwa roli ndogo ili hewa itoke. Povu lililobaki ndani ni ufa wa kesho. Dawa ya kugandishia rezini ya polista hutiwa kwa kipimo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2, ikizidi, rezini huchemka na kupasuka, ikipungua, haigandi. Inapowezekana, kazi hufanywa kwa ndani na kwa nje. Kisha huachwa. Majuma ya kungoja kabla ya rangi ndiyo sehemu ya kazi ambayo wateja hawapendi kuilipia, nayo ndiyo izuiayo kovu lisijitokeze baadaye.

Hapana budi kuongeza maonyo mawili. Baadhi ya magari ya miaka ya 1970 na kuendelea yaliundwa kwa mikeka iliyoloweshwa rezini tangu mwanzo na kukandamizwa kwa moto katika kalibu za chuma. Polista ya kawaida haishiki vema juu ya bodi hizo, na mafundi hutumia epoksi; lakini baadhi ya mikeka iliyotengenezwa kwa ajili ya polista haifai kwa epoksi, kwa kuwa gundi iliyozishika nyuzi zake haiyeyuki ndani yake. Kwa hiyo fundi lazima ajue gari lilizaliwa mwaka gani kabla hajafungua kopo. Onyo la pili ni la uhai: vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na mvuke wa polista ni sumu kichwani. Barakoa ya kweli, nguo za mikono mirefu na karakana yenye hewa ni sehemu ya vyombo vya kazi, sawa na msasa.

Katika Lotus Elite kazi hii ni nzito zaidi. Ufa ulio mahali panapofungwa difu ni ufa wa mifupa, kwa kuwa gari hilo halina mifupa mingine. Anayeuficha kwa rangi anacheza na maisha ya mtu.

UBISHI JUU YA UAMINIFU

Sasa tunafika kwenye kiini. Magari ya mwanzo ya Corvette hayakutoka kiwandani yakiwa yamepangwa barabara. Vipande vilitofautiana, wafanyakazi walisugua na kujaza kwa haraka, na mianya ilipishana kulia na kushoto. Fundi wa leo, mwenye muda, msasa mzuri na mteja mwenye fedha, aweza kulifanya gari la 1954 kuwa na mianya iliyonyooka kama mstari wa rula. Je, afanye hivyo?

Mwaka 1974 wapenzi wa magari hayo nchini Marekani waliunda chama cha warekebishaji wa Corvette, kiitwacho kwa kifupi NCRS. Shabaha ya waamuzi wake ni gari kama lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Na kazi ya rangi au ya bodi ipitayo ubora wa kiwanda huweza kupunguziwa alama. Wengi waliposikia kanuni hiyo walicheka. Itakuwaje mtu aadhibiwe kwa kufanya vizuri? Wenye kanuni walikuwa na hoja. Mwanya usio sawa ni ushahidi. Unatuambia kalibu zilikuwaje, wafanyakazi walikuwa na haraka gani, kampuni ilithamini nini. Ukiunyoosha, umeifuta sauti ya wale walioliunda, ukaweka yako.

Upande wa pili nao una hoja zake. Mwenye gari hupenda kuliendesha, wala hakulinunua liwe hati. Tena kuurudisha uzembe wa kiwanda kwa makusudi ni kuigiza uzembe, na kuigiza si ukweli.

Mimi ni mtu wa mashairi, na swali hili nalijua kwa sura nyingine. Mnakili wa tenzi za kale hukutana na ubeti uliopungua mizani moja. Aweza kuongeza neno la silabi moja, mizani ikatimia, na msomaji asijue kamwe. Aweza pia kuuacha ubeti kama ulivyo, akaandika pambizoni kwamba hapa mizani imepungua. Wa kwanza ametupa ubeti mzuri. Wa pili ametupa ubeti wa mshairi mwenyewe. Huenda upungufu ule haukuwa kosa. Huenda neno lilitamkwa kwa lahaja ambayo sisi tumeisahau, na mizani yake ilitimia kinywani mwa watu wa zama zile. Anayesahihisha kimyakimya hutuibia nafasi ya kulijua hilo. Kwa maoni yangu, dhambi haiko katika kutengeneza wala katika kuacha. Dhambi iko katika kutengeneza na kuficha.

SHIMO LA BOWLING GREEN

Jambo lililotokea mwaka 2014 lililazimisha ubishi huo utolewe hukumu hadharani. Alfajiri ya tarehe 12 Februari mwaka huo, ardhi chini ya Jumba la Makumbusho la Corvette huko Bowling Green, lililofunguliwa mwaka 1994, ilititia. Eneo lile lina miamba ya chokaa yenye mapango, na shimo lenye kina cha kiasi cha mita 9 lilimeza magari 8. Kwa bahati jumba lilikuwa limefungwa, wala hakuna mtu aliyeumia.

Mwanzoni ilitangazwa kwamba magari yote yatatengenezwa. Baadaye, yalipotolewa shimoni, wakuu wa makumbusho walibadili shauri. Magari matatu yalitengenezwa, na matano yakaachwa kama yalivyotoka, yamepondeka, nyuzi zake zikining'inia, kwa sababu baadhi yalikuwa yamevunjika mno hata kuyatengeneza kungekuwa kuyaunda upya na kuyapa jina la marehemu.

Miongoni mwa yaliyotengenezwa lilikuwemo gari jeupe la mwaka 1992, Corvette ya milioni moja tangu uundaji uanze. Mafundi walipolifungua walikuta sahihi za wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wameandika majina yao kwenye sehemu za ndani, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Hapo kazi ikabadilika. Sehemu iliyovunjika ingeweza kubadilishwa kwa mpya kwa urahisi, lakini sehemu mpya isingekuwa na jina la mtu. Kwa hiyo walijitahidi kuzihifadhi sehemu zenye sahihi, hata pale ambapo kubadilisha kungekuwa rahisi zaidi. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2015. Gari jeusi la mwaka 1962 lilifuata, nalo likakamilika mwaka 2018.

Naona katika hukumu hiyo busara kubwa. Kilichoweza kupona bila kupoteza nafsi yake, kilitibiwa. Kisichoweza, kiliachwa kiwe shahidi wa msiba wake. Na katika yote mawili, umma uliambiwa waziwazi lipi ni lipi.

FUNZO KWETU

Katika pwani yetu palikuwa na chombo kilichoitwa mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo twakijua hasa kwa mifano midogo iliyomo katika majumba ya makumbusho, kwa picha na kwa maandishi ya wageni. Waliokishona walijua kamba ikazwe kiasi gani, tundu lizibwe kwa nini, na mshono uliochoka uondolewe vipi bila kuitoboa mbao upya. Ujuzi huo haukuandikwa na wao wenyewe, nao ukaenda nao kaburini. Wenye magari ya faiba, kwa upande wao, wameandika idadi ya vibati kwa kila kikalio. Waweza kusema huo ni upuuzi wa matajiri. Lakini baada ya miaka mia, mjukuu wao atajua, na mjukuu wetu atabuni.

Leo boti za faiba ziko katika bahari na maziwa yetu, na mafundi wetu wanaziba nyufa zake kwa mikeka na rezini kwa njia zile zile nilizozieleza. Hapo ndipo mahali petu pa kuanzia. Napenda kutoa mapendekezo matatu.

Kwanza, vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe kijana kutengeneza kwa heshima ile ile ya kuunda. Mwenye kuunda hufuata mchoro. Mwenye kutengeneza hana mchoro, na lazima asome mawazo ya mtu asiyemwona.

Pili, kila karakana iwe na daftari la kazi: kitu kilikujaje, kilivunjika wapi, sababu ilikuwa nini, kilitibiwa kwa nini. Daftari la shule la kurasa 80 latosha. Fundi asiyependa kuandika amsimulie kijana aliyemaliza shule, na kijana aandike.

Tatu, tunapofufua vitu vya kale, majumba, vyombo, ngoma au maandishi, tuweke alama kati ya cha kale na cha sisi. Alama hiyo isiwe kelele. Yatosha kuwa mwenye kuitafuta ataiona.

HITIMISHO

Tumeona kwamba nyuzi za kioo zilitokea bila kukusudiwa, zikakuzwa na vita, zikapita mikononi mwa waunda boti, kisha zikavikwa magari. Tumeona kwamba mwanya ni dalili na ufa ni swali, na kwamba mkono wenye haraka huziba dalili na kuliacha swali. Zaidi ya yote tumeona kwamba fundi wa kitu cha kale ana mabwana wawili: mwenye mali aliye mbele yake, na waliokiunda ambao hawapo tena. Bwana wa kwanza anaweza kulalamika asipotendewa haki. Wa pili hawezi. Kwa sababu hiyo haki ya wa pili hutegemea dhamiri ya fundi peke yake, na hapo ndipo ufundi unapoacha kuwa kazi ya mikono tu, ukawa sehemu ya utamaduni wa watu.